Fundi jalidi wa Ngamiani, na kitabu cha walenga mabomu wa mwaka 1943

Hana kibao. Ukishuka soko la Ngamiani, Tanga, ulizia "fundi wa misahafu", hata mtoto atakuonyesha: barabara ya kumi na mbili, baina ya duka la kanga na fundi baiskeli, kibaraza chenye meza moja, jiliwa la mbao, na rundo la misahafu, juzuu za watoto wa chuo na leja za maduka zikisubiri zamu. Nimefundisha fizikia miaka 31 katika mji huu, nimepita mbele ya kibaraza hicho mara zisizo na hesabu nikienda sokoni, wala sikuwahi kusimama. Mwezi uliopita nilisimama. Ninaandika ili mwenye kitabu kinachomfia mkononi ajue pa kukipeleka.

Kitabu changu nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, shilingi 4,000, kikiwa kimebanwa kati ya kamusi na vitabu vya mapishi ya Kimarekani. Jalada la bluu lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja, mgongo unaning'inia kwa nyuzi mbili. Nilikifungua nikidhani ni kumbukumbu ya shule ya sekondari, kwa kuwa ndivyo kilivyo kwa sura: picha ndogo ndogo za vijana kwa safu, chini ya kila picha jina na mji alikotoka. Kisha nikaona mchoro wa mbawa mbili za fedha, na katikati ya mbawa, bomu.

Ni kitabu cha darasa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la anga la Marekani lilikuwa na vyuo vya kufundisha walenga mabomu, yaani wale wanaoachia bomu kutoka ndegeni, vingi vyake katika nyika za Texas na New Mexico: Midland, Big Spring, San Angelo, Childress, Carlsbad, Roswell, Deming. Walikwenda huko kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tuanike mkonge penye jua: hewa kavu, mawingu haba, ardhi tupu hadi upeo wa macho. Cha kwangu ni cha Midland, mwaka 1943. Madarasa yalipewa namba mbili, mwaka na zamu ya kuhitimu, na madarasa mengi yalijichapishia kitabu chao kabla ya kutawanyika. Mwanzoni yupo mkuu wa kambi, wanafuata walimu, halafu vijana wenyewe, bwalo la chakula, vitanda vilivyotandikwa shuka bila kunyanzi, vikaragosi alivyochora mmoja wao. Mwishoni kuna kurasa tupu za kuandikiana, na katika nakala yangu hazikubaki tupu. Zimejaa saini za wino na penseli, nyingine zimepinda kufuata ukingo wa karatasi kwa kukosa nafasi.

Saini hizo ndizo zilizonigombanisha na fundi wa kwanza. Nilikipeleka kwenye ofisi moja ya uchapaji ambayo sitaitaja. Kijana wa pale alikiweka juu ya mashine, akaniambia atakata kingo pande tatu "kiwe kisafi", atakitoboa, atakitia pini na kukivisha plastiki. Shilingi 25,000, nisubiri nusu saa. Nikamwonyesha kwamba saini zinafika mpaka mwisho kabisa wa karatasi. Akasema yatakayopotea ni maandishi machache tu. Nilikikumbatia kitabu changu nikatoka, nikaenda kibarazani kwa fundi wa misahafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tumwone mgonjwa."

Hakukifungua mara moja. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akakigeuza, akakinusa mgongoni, ndipo akakifungua katikati na kuhesabu mafungu ya kurasa kwa kidole gumba. Akasema uzi wa kwanza ulishonwa na mtu anayejua, shida ni gundi iliyokauka na unyevu ulioingia baadaye. Akanionyesha kurasa mbili zilizogandana. Karatasi ya kung'aa, alisema, ikilowa inakuwa kama andazi lililomwagikiwa chai, ukilazimisha unabandua na sura za watu. Kwa hiyo kitabu hiki hakitaguswa na kitambaa kibichi hata kidogo. Kurasa zile mbili alizitenganisha kwa ubapa wa mfupa wa ng'ombe aliousugua ukawa mwembamba kama kucha, akiingia nusu inchi, anapumzika, nusu inchi nyingine. Ilimchukua tangu adhana ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Zilipoachana, zilikuwa na nyuso 24, na ni mbili tu zilizopata mikwaruzo.

Niliomba nikae nitazame, akamwambia mjukuu wake aniletee kigoda. Nilirudi siku tatu. Akifanya kazi anapenda kuambiwa anachokishona, basi nikawa namsomea.

Nilimwanzia picha niipendayo kuliko zote. Ni mnara wa mabomba ya chuma wenye magurudumu, kimo cha watu wawili waliobebana. Juu ameketi kijana, pembeni yake mwalimu. Mnara unatembea polepole ndani ya banda la ndege, na mbele yake, sakafuni, kuna kijigari kidogo mithili ya kombamwiko. Kijigari ndicho shabaha. Kijana anachungulia kwenye chombo cha kulengea, anageuza vifundo, na wakati ukifika chombo kinaweka alama pale ambapo bomu lingeanguka. Wiki nzima watu wanafukuzana na kombamwiko wa chuma kabla hawajaruhusiwa kupanda juu.

Fundi aliuliza kwa nini isiwe tu kumwachia mtu akiwa juu kabisa ya shabaha. Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha tatu maisha yangu yote, nikachukua penseli yake nikaandika kwenye kipande cha kadibodi. Ndege iko mita 3,000. Ukiacha upinzani wa hewa, kitu kinachoachiwa huko huchukua sekunde 25 hivi kufika chini. Ndege inakwenda kilometa 240 kwa saa, yaani mita 67 kila sekunde, na bomu linatoka likiwa na mwendo ule ule. Kwa hiyo litakwenda mbele zaidi ya kilometa moja na nusu kabla ya kugusa ardhi. Mlengaji anatakiwa aachie wakati shabaha bado iko mbali, mwendo wa dakika tano kwa baiskeli. Ongeza upepo unaosukuma ndege kando. Ongeza na hewa inayolivuta bomu nyuma. Fundi baiskeli wa jirani alikuwa amesogea kusikiliza, akatikisa kichwa.

Hesabu hiyo yote ilifanywa na chombo kilichobuniwa na Carl Norden, mhandisi mzaliwa wa himaya ya Uholanzi aliyehamia Marekani. Hakikuwa na umeme wa kompyuta tunaoujua leo. Ni meno ya magurudumu, vioo, mota, na magurudumu mazito yanayozunguka kwa kasi ili lenzi isiyumbe ndege ikiyumba. Kijana aliingiza kimo na mwendo, akaishika shabaha kwenye msalaba wa lenzi, na katika dakika za mwisho chombo kiliunganishwa na usukani wa kujiendesha: ndege ikafuata mkono wa mlengaji, rubani akakaa kando. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba hapo ndipo kanuni mbili za kwenye ubao zilipopewa mwili wa chuma. Huwa sisemi hivyo kwa furaha kamili.

Walijifunzia kwenye ndege za AT-11 za injini mbili, zenye pua ya kioo. Mabomu ya mazoezi yalikuwa ya pauni 100: bati lililojazwa mchanga na baruti kidogo ya kutoa moshi ili ionekane lilipoangukia. Shabaha ilikuwa duara kubwa lililochorwa nyikani lenye kijumba katikati, na katika lugha yao kupiga sawasawa kulikuwa ni kupiga kibanda. Mafunzo yalichukua wiki 12 hadi 18. Kila mwanafunzi aliangusha mabomu yapatayo 160, mchana na usiku, na kila moja liliandikwa lilikosea kwa futi ngapi. Wanafunzi 12 katika kila 100 walishindwa mafunzo. Wengi wa waliokuwemo walikuwa tayari wameshindwa mara moja, kwenye mafunzo ya urubani, ndipo wakaletwa huku. Ukizitazama picha kwa kujua hilo, utaona baadhi ya nyuso zimekaza kidogo.

"Hamna mweusi hata mmoja?" Fundi aliuliza akiwa amekiinua kitabu karibu na miwani.

Katika hiki hamna. Jeshi lao lilitenganisha watu kwa rangi. Baadaye walikuwapo vijana weusi waliosomea kazi hii, wakapangwa katika kundi la 477 la ndege za mabomu lililoundwa 1944, na vita vikaisha kabla halijapelekwa mapiganoni. Fundi hakusema kitu. Alivuta uzi ukalia.

Ninyi mnaotaka kujua ufundi wenyewe, nao ni huu. Jalada la zamani alilitoa kwa kisu cha washona viatu. Udongo wa mchwa aliupukuta kwa unyoya wa kuku, kisha akakwangua gundi kuukuu hadi mishono ikaonekana. Alishona upya akipitia matundu yale yale ya awali, hakutoboa hata moja jipya, kwa sindano ndogo na uzi wa pamba alioupitisha kwenye donge la nta ya nyuki. Gundi ni ya unga wa ngano, anaipika mwenyewe asubuhi na kuitia chembe ya mrututu ili wadudu waichukie. Hiyo aliipaka mgongoni tu, nzito kama uji wa mgonjwa aliyepona. Halafu jiliwa, siku mbili. Jalada jipya ni kadibodi iliyovikwa kaliko. Na kile kipande cha jalada la zamani ambacho mchwa hawakukifikia, chenye zile mbawa, alikikata kwa unadhifu akakizamisha mbele ya jalada jipya kama dirisha. Sikumwomba. Alisema kitabu kisipoteze uso wake.

Siku ya pili lilitokea jambo ambalo ndilo lililonifanya niseme nitamwandikia. Mjukuu wake, kijana mzuri mwenye bidii, alikuwa anasafisha pambizo kwa kifutio. Pembeni ya majina manne kulikuwa na misalaba midogo ya penseli, hafifu mno. Kijana alishaanza kufuta wa kwanza. Fundi alimshika mkono. Hakupaza sauti, alimshika tu kifundo cha mkono, akainama kutazama, akaniita. "Mwalimu, hizi si uchafu. Hizi kuna mtu aliziweka baadaye."

Nami nilikuwa nacho kitabu wiki mbili bila kuiona hata mmoja. Kitabu kilichapishwa kabla vijana hawajaenda popote, kwa hiyo chenyewe hakijui nani alirudi. Mtu fulani, mwenye kitabu au mama yake au mkewe, alikuwa akipata habari na kurudi kuweka alama. Msalaba wa kwanza umebaki nusu, mstari mmoja wa wima. Fundi aliniomba radhi kwa niaba ya kijana, akakataa kabisa kuurudishia kwa penseli yake. "Nitakuwa nimedanganya," alisema. Tangu hapo mjukuu aligusa pambizo kwa unyoya peke yake.

Nilimweleza pia habari ya kiapo. Kuanzia 1942 kila mlengaji aliapa kukilinda chombo kile na siri yake, hata kwa uhai wake. Kilifunikwa turubai kikitoka stoo, na walinzi wenye silaha kando. Vijana wa umri wa wanafunzi wangu walikiapia, nao Wajerumani walikuwa wameshapata michoro yake kabla ya vita, kwa mkono wa Hermann Lang aliyefanya kazi ndani ya kiwanda cha Norden. Alikamatwa na kutiwa hatiani mwaka 1941. Na ile shabaha ya jangwani, penye anga safi na bila mtu wa kukupiga risasi, huko Ulaya haikuwapo. Uchunguzi wa Wamarekani wenyewe baada ya vita ulikuta kwamba katika mabomu yaliyolengwa kwa makini, asilimia 20 tu ndiyo yaliyoangukia ndani ya futi 1,000 za shabaha. Yaliyobaki yaliangukia kando, mengine kwa watu. Howard Zinn, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, alikuwa mlenga mabomu. Aprili 1945 alishiriki kuupiga mji wa Royan huko Ufaransa vita vikiwa vinakatika roho, kisha akaishi miaka mingi akilijutia na kuliandika waziwazi. Kutoka juu kabisa, alisema, hakuwa ameona mtu yeyote.

Sasa dosari, maana nampenda huyu mzee na sitaki mwende mkarudi mmenuna. Aliniambia Alhamisi, nilikipata baada ya wiki tatu na siku mbili. Hapigi simu wala hapokei akiwa na sindano mkononi, kwa hiyo ni kwenda na kurudi. Kaliko niliiomba ya bluu, akaweka ya kijani kwa kuwa bluu ilikwisha, wala hakuniuliza, na hilo liliniuma kwa sababu ningeweza kuitafuta mwenyewe madukani. Mgongo umekaza kupita kiasi, kurasa za katikati hazilali vizuri mezani mpaka uzishike. Risiti hakuna. Na kibaraza hakifai wakati wa masika: mvua ya upepo ikija anakusanya vitabu vya watu kwa turubai moja. Mwombeni chenu akilaze ndani.

Bei ilikuwa shilingi 35,000, nusu kabla na nusu baada. Msahafu ni nafuu kuliko hapo kwa sababu hauna uchunguzi mwingi. Leja na rejista za shule anafanya kwa mkupuo, na kama wewe ni mkuu wa shule ulizia, kwani rejista zetu nyingi zimekaa maboksini zikimegukameguka, na ndani yake kuna majina ya watoto waliosoma hapa tangu enzi za ukoloni.

Nilipokwenda kuchukua, aliniuliza kwa nini nimegharimika hivyo kwa watu nisiowajua. Nikamwambia habari ya babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alitoka Muheza kwa treni, akapelekwa mpaka Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita bonde la Kabaw katika mvua za 1944, matope yakifika magotini, na magonjwa yakiwaangusha wenzake. Alirudi. Alikuwa anawataja wenziwe usiku, akiwa amelala chali barazani, mmoja wa Pangani, mmoja Mnyamwezi aliyejua kupika, wawili ndugu kutoka Lushoto. Hakukuwa na mtu aliyewapiga picha kwa safu na kuandika chini mji wa kila mmoja. Nyumbani kimebaki cheti chake cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa mara nne, jina limekosewa herufi mbili, na dole gumba lake kwenye wino wa zambarau.

Fundi akaniuliza kama mikunjo imeshakatika. Nikasema mmoja umekatika, mwingine unaelekea. Akasema nisikibandike selotepu hata kwa dakika moja, nikiweke baina ya magazeti makavu, nikilete Jumatano asubuhi kabla jua halijafika kwenye meza. Ijumaa hufunga saa tano.